Plastiki ya rangi hupendeza, lakini si kila moja hukinga macho

MTU anayetaka kujitengenezea kivuli cha taa, dirisha la kibanda au bango la kinyozi mara nyingi huhitaji bamba la plastiki lenye rangi na linalopitisha mwanga. Akifika dukani, huonyeshwa mabamba yaliyo wazi kama kioo au yenye weupe wa maziwa. Rangi anayoitamani ama haipo, ama huuzwa kwa bamba zima ilhali yeye anahitaji kipande kisichozidi ukubwa wa daftari.

Tatizo hili lina suluhu kadhaa, na nyingine zinawezekana nyumbani. Hata hivyo, kabla ya kutoa pesa, ni muhimu fundi ajue ni plastiki ya aina gani anayoinunua na kazi itakayofanya.

Aina inayojulikana zaidi ni akriliki, ambayo mafundi wengi huiita Perspex. Plastiki hii ilianza kuuzwa miaka ya 1930. Hung'aa vizuri, huhimili jua kwa miaka mingi, na uzito wake ni takriban nusu ya ule wa kioo. Bamba la kawaida la mita 1.22 kwa mita 2.44, lenye unene wa milimita 3, lina uzito wa kilo 10 na ushei. Udhaifu wake ni kwamba hupasuka likigongwa kwa nguvu.

Aina ya pili ni polikaboneti, iliyovumbuliwa mwaka wa 1953. Hii ndiyo hutumiwa katika mapaa yanayopitisha mwanga. Ni vigumu kuivunja hata kwa nyundo, lakini hukwaruzika upesi.

Aina ya tatu ni PVC. Ni rahisi kuipata, lakini ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu. Kwa sababu hiyo, haifai kupindwa kwa moto wala kukatwa kwa mashine ya leza.

Mahali pa kwanza pa kutafuta mabamba ya rangi ni kwa watengenezaji wa mabango. Mafundi hawa hukata herufi na nembo za biashara kutoka kwa akriliki nyekundu, samawati, kijani na manjano, na hubakiwa na vipande wasivyovihitaji. Aghalabu vipande hivyo hupatikana kwa bei nafuu.

Anayekosa rangi aitakayo anaweza kununua bamba lililo wazi na kulitia rangi mwenyewe. Njia iliyo rahisi zaidi ni kubandika utando wa rangi kama ule wa vioo vya magari. Bamba husafishwa, hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, kisha utando hulazwa juu yake na maji kusukumwa nje kwa kipande laini cha mpira kuanzia katikati kuelekea kingoni. Njia nyingine ni kuweka karatasi ya selofani ya rangi kati ya mabamba mawili yaliyo wazi na kuyabana kwa skrubu.

Vipande vidogo vya akriliki vinaweza pia kuloweshwa katika rangi ya kutia vitambaa vya polista. Rangi ya pamba haifai kwa sababu haishiki kwenye plastiki. Maji yawe moto sana lakini yasichemke, maana akriliki huanza kulegea inapokaribia nyuzijoto 100. Kadiri kipande kinavyokaa majini ndivyo rangi inavyokolea. Sufuria iliyotumiwa kwa kazi hii isirudishwe jikoni kamwe.

Aidha, kuna rangi za kupuliza zinazopitisha mwanga. Hizi hupulizwa kwa tabaka nyembamba, moja ikikauka ndipo nyingine ifuate. Ni vyema kujaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi, kwani baadhi ya vimumunyisho huacha nyufa ndogondogo kwenye akriliki. Kwa sababu hiyo hiyo, bamba lisisafishwe kwa tina wala spiriti bali kwa maji na sabuni.

Wakati wa kufunga bamba, tundu la skrubu liwe pana kidogo kuliko skrubu yenyewe. Akriliki yenye urefu wa mita moja hutanuka kwa zaidi ya milimita moja joto linapopanda kwa nyuzi 20. Plastiki yenye rangi nzito hufyonza joto zaidi ikiwa juani, hivyo ikibanwa sana hupasuka.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, ni usalama wa macho. Wapo wanaochukua kipande cheusi cha plastiki au miwani ya jua na kukitumia wakati wa kuchomelea vyuma. Hatari yake haionekani. Rangi nyingi hupunguza mwanga unaoonekana lakini huacha miale ya joto isiyoonekana ipite. Zaidi ya hayo, mboni ya jicho hupanuka gizani na kuruhusu miale hiyo kuingia kwa wingi, huku mtu akijihisi salama.

Kuchomelea kwa umeme huhitaji kioo maalumu, kwa kawaida cha namba 10 au zaidi. Atakaye kutazama jua likipatwa anahitaji kichujio kilichothibitishwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea cha namba 14. Onyo hili lina uzito kwa Wakenya kwani mnamo Agosti 2, 2027, jua litapatwa kikamilifu katika nchi kama Misri na Saudi Arabia, na sehemu yake itafunikwa likitazamwa kutoka Kenya. Jeraha la retina linalotokana na jua halina maumivu linapotokea, na huenda lisipone.

Kwa hivyo, plastiki iliyotiwa rangi nyumbani na ipambe taa, dirisha au bango. Mahali ambapo jicho linahitaji kinga, fundi anunue kifaa chenye alama ya kiwango kinachotambulika. Tahadhari kabla ya hatari.