Newton, Mghushi wa Sarafu na Mtihani wa Mama wa Sokoni



Mahindi yanapovunwa Trans Nzoia mwishoni mwa mwaka, fedha taslimu hupita kwa wingi mikononi mwa wachuuzi wa Kitale na Bungoma, wakiwemo dada zetu Waislamu. Giza likiingia na wateja wakiwa na haraka, noti moja bandia ya shilingi 1,000 yaweza kumeza faida ya siku nzima. Hapo ndipo mtihani unapoanza: je, aliyedhulumiwa ampitishie mwenzake?

Maradhi haya ni ya kale. Mwaka 1696, Uingereza ilikuwa na sarafu nyingi zilizokatwa kingo au kughushiwa, hata watu wakapoteza imani na fedha yao. Ndipo Isaac Newton, mwanasayansi aliyeeleza kanuni ya mvutano, akateuliwa kuiangalia karakana ya serikali ya kufua sarafu. Hasimu wake mkuu akawa William Chaloner, mghushi hodari aliyethubutu kuishutumu karakana hiyo mbele ya Bunge na kudai kwamba angeweza kuirekebisha. Newton alikusanya ushahidi kwa subira ile ile ya elimu yake: aliwahoji mashahidi wengi, akawalipa wapelelezi, hata gerezani akawa na masikio karibu na Chaloner. Mghushi huyo alimwandikia barua za kuomba huruma, lakini hazikufua dafu. Alinyongwa Machi 1699.

Hata hivyo, mghushi hafanikiwi peke yake. Huhitaji mikono inayopokea bila kutazama, na mingine inayopitisha kwa makusudi. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuuficha. Noti bandia iliyokunjwa katikati ya noti halali haina tofauti na unyevu ule.

Basi dada, kabla ya kuifunga noti kwenye kanga, iinue kwenye mwanga uone kichwa cha simba. Papasa maandishi yaliyoinuka. Iinamishe uone uzi wake ukibadilika rangi. Ukigundua ni bandia, ipeleke benki au polisi, wala usiirudishe sokoni. Hasara hiyo itauma, lakini ni nyepesi kuliko kubeba haki ya mama mwenzako.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.