Mtoto akikwaruza gari, pitisha ukucha kabla ya kushika fimbo

Jumamosi jioni watoto wanacheza uani, gari limeegeshwa pembeni, na yule aliyeanza kujua kuandika mwaka huu anaokota kokoto. Dakika tano zinamtosha kuandika herufi tatu za jina lake kwenye mlango wa nyuma. Kwenye nyumba nyingi zenye gari na watoto, kisa cha namna hii hakikosekani. Kama si kokoto, ni usukani wa baiskeli iliyopitishwa kwa nguvu kati ya gari na ukuta, zipu ya begi la shule, au ndoo iliyoburuzwa juu ya boneti siku ya kuosha.

Kinachofuata nacho kinajulikana. Baba anafoka, mama anauliza ni nani, watoto wote wanasema hawajui. Wakati mwingine wanachapwa wote. Kesho yake gari linapelekwa kwa fundi rangi, naye anatazama mara moja tu na kutaja bei ya mlango mzima.

Hasira hiyo inaeleweka. Kwa familia nyingi gari ndicho kitu cha thamani kubwa baada ya nyumba au kiwanja, na huenda mkopo wake haujaisha. Lakini mikwaruzo mingi ya nyumbani haijafika hata kwenye rangi yenyewe, na inaweza kuondolewa kwa mchana mmoja bila kwenda gereji. Ile iliyofika kwenye bati inahitaji jambo moja kuliko yote: ijulikane mapema. Mtoto anayeogopa fimbo hasemi. Ataufuta mkwaruzo kwa mate, ataupaka tope, au atanyamaza tu, na mzazi atakuja kuuona miezi miwili baadaye, mvua zikiwa zimeshaupitia na kutu imeanza kuinua rangi pembeni.

Ndiyo maana swali la kwanza, "nani amefanya hivi?", linaweza kusubiri. Swali linalosaidia ni "umekwaruza na nini, na lini?" Kokoto na msumari huingia ndani. Mpira wa usukani wa baiskeli mara nyingi hauchimbi kitu, huacha tu alama yake juu. Mtoto aliyekuwepo ndiye anayejua.

Mkwaruzo umefika wapi?

Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka jembamba la kuzuia kutu, kisha praima, ambayo mara nyingi ni ya kijivu, kisha rangi tunayoiona, na juu kabisa kuna klia, tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'aro. Vyote kwa pamoja, kwa rangi ya kiwandani, unene wake huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele. Kila anayesugua gari anaipunguza, na ikiisha hairudi.

Kipimo cha kwanza ni maji. Sehemu hiyo ioshwe vizuri kwa sabuni, kisha imwagiwe maji safi. Mkwaruzo unaopotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka umeishia kwenye klia. Kipimo cha pili ni ukucha. Mzazi aupitishe polepole kwa kuukatisha mkwaruzo, si kuufuata. Ukucha ukiteleza, kazi ni ya kung'arisha tu. Ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani, na hapo aangalie rangi ya mfereji wenyewe: kijivu ni praima, na kinachong'aa kama kijiko ni bati. Kwenye bampa mara nyingi ndani huonekana weusi, kwa sababu bampa nyingi ni za plastiki. Plastiki haipati kutu, hivyo hapo hakuna haraka yoyote zaidi ya macho ya majirani.

Kuna alama ambazo si mkwaruzo kabisa. Gari lililogusa ukuta uliopakwa rangi hubeba rangi ya ukuta, na huonekana baya kuliko lilivyo. Kitambaa laini chenye spiriti kidogo, kikifuatiwa na kung'arisha kidogo, huondoa alama ya namna hiyo na chini yake gari likakutwa zima.

Gereji ya jikoni

Kabla ya kufika dukani, watu wengi huanza na vilivyomo ndani ya nyumba, na hapo ndipo mikwaruzo midogo inapogeuka mikubwa. Waya wa kusugulia masufuria haufai kugusa gari, hata kwa upole. Unaacha mamia ya mistari mipya kuzunguka ule mmoja. Upande wa kijani wa sponji ya vyombo ni vilevile.

Dawa ya meno inasifiwa sana, na si uongo mtupu. Ina chembe za kusugua, ndiyo maana inasafisha meno, na alama nyepesi sana inaweza kufifia. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya klia, na mara nyingi huacha doa lililofifia kuliko sehemu nyingine ya mlango. Mafuta ya taa, dizeli na mafuta ya nazi ni kiini macho. Mafuta hujaza mfereji, mwanga haugongi tena kingo zake, na mkwaruzo unaonekana umekwisha. Gari likioshwa mara mbili, unarudi. Anayenunua gari lililotumika angefaa kulikumbuka hilo kila anapoona gari linameremeta kwa mafuta.

Kusugua mkwaruzo mwepesi

Kinachohitajika ni kidogo: kompaundi ya rangi za magari, ambayo mafundi wengi huiita rabingi, polishi, nta, na vitambaa viwili au vitatu laini visivyo na vifungo wala mishono migumu. Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Jua la saa sita linakausha kompaundi kabla haijafanya kazi, kisha inaganda na kusumbua kuitoa. Kivuli cha mwembe kinavutia, lakini utomvu na kinyesi cha ndege navyo vinakula klia, kwa hiyo kivuli cha ukuta ni bora.

Gari lazima lioshwe kwanza na lisuuzwe hadi lisiwe na mchanga hata chembe. Kusugua juu ya mchanga ni sawa na kupiga msasa. Kisha kompaundi kiasi cha punje ya maharage iwekwe kwenye kitambaa na kusuguliwa kwenye eneo dogo, lisizidi sentimita 30 kila upande, kwa mkono usiokandamiza sana. Baada ya dakika moja au mbili ifutwe na paangaliwe. Tochi ya simu ikishikwa kwa kuinamishwa huonyesha kila mstari uliobaki. Kama bado upo, irudiwe. Mara tatu au nne zinatosha kwa mkwaruzo wa klia. Baada ya hapo polishi hufuta ukungu ulioachwa na kompaundi, na nta hukilinda kilichobaki.

Sehemu za kuogopa ni kingo za milango na mikunjo ya bodi, kwa sababu huko rangi huwa nyembamba na huisha haraka. Wapo wanaofunga sponji kwenye mashine ya kutobolea ili wamalize upesi. Mashine hiyo ikikaa sehemu moja inapasha moto na kuunguza klia, na kinachobaki ni doa lisilong'aa ambalo dawa yake ni kupuliza rangi upya. Mkwaruzo uliofifia nusu ni afadhali kuliko klia iliyoisha.

Msasa wa maji namba 2000 au 3000 nao hutumika, kwa mkwaruzo ambao ukucha unaugusa kidogo tu. Huo unafaa kuachiwa mwenye uzoefu, au ujaribiwe kwanza kwenye kipande cha bodi kilichotupwa gereji. Na magari ya zamani, hasa baadhi ya meupe na meusi, hayana klia kabisa. Dalili yake ni kitambaa kushika rangi ya gari unaposugua. Si hatari, ila ni taarifa kwamba kinachopungua sasa ni rangi yenyewe.

Mtoto aliyekwaruza ana nafasi yake katika kazi hii. Mwenye miaka saba au minane anaweza kuosha, kushika tochi na kufuta kompaundi kwa kitambaa kikavu. Atachoka, mkono utamuuma, na atauona mstari ukitoka kidogo kidogo. Wazazi wanaodhani huko ni kumdekeza wajaribu wenyewe kusugua mlango kwa saa nzima.

Ukifika kwenye bati

Ukanda wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Tanga na kupanda Mombasa, hewa ina chumvi na unyevu, na bati lililo wazi halichukui muda kuanza kutu. Hata ikiwa fedha ya fundi haipo mwezi huu, mzazi anaweza kuziba njia ya maji siku hiyohiyo. Pakaushwe, pasafishwe kwa spiriti, kisha papakwe praima kidogo au hata rangi ya kucha isiyo na rangi. Rangi ya kucha si matengenezo. Inanunua muda, na itakwanguliwa wakati kazi yenyewe ikifika.

Kazi yenyewe huanza na namba ya rangi. Kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani kuna kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na kwenye mstari ulioandikwa C/TR namba ya mwanzo ndiyo ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Kibati kikipigwa picha kwa simu na kupelekwa duka la rangi za magari, muuzaji atachanganya kichupa kidogo kinachotosha mikwaruzo mingi.

Kutu yoyote ikwanguliwe kwa kipande kidogo cha msasa kilichokunjwa, bila kutoka nje ya mfereji. Praima iwekwe kwa kijiti cha meno au brashi nyembamba sana, iachwe ikauke, kisha rangi ifuate kwa tabaka jembamba mara mbili au tatu, kila moja ikisubiri mwenzake kukauka. Wanaojaza kwa mkupuo mmoja huishia na tone kama la nta ya mshumaa. Rangi hunywea ikikauka, hivyo ni sawa ikizidi kidogo juu ya usawa. Klia huja mwisho, na kusawazisha kwa kompaundi kusubiri wiki nzima.

Matokeo yake hayatakuwa kama ya kiwandani. Kwenye nyeupe ya kawaida jicho la mgeni halitaona. Kwenye silva na nyeupe ya lulu alama itaonekana, kwa sababu chembe zinazong'aa hazilali kwa brashi kama zilivyolala kwa mashine. Asiyeridhika na hilo aende kwa fundi, akijua kwamba fundi hulipisha kwa kipande, mlango au bampa, kwa kuwa ili rangi ilingane analazimika kupuliza mlango wote, hata kama mkwaruzo ni wa urefu wa kidole. Wanaotegemea bima wakumbuke kwamba bima ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine, si mlango wako uliochorwa na mwanao.

Kupuliza rangi uani ndiko mahali pa kusema hapana. Thina inawaka kwa urahisi, na mvuke wake unaweza kufika kwenye jiko la mkaa au la gesi. Klia inayochanganywa na hadina ni mbaya zaidi: nyingi zina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Nyumba yenye mtoto mwenye pumu haina sababu ya kujaribu.

Hata thina kidogo iliyobaki ina hatari yake. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, jambo ambalo linafanyika sana. Mtoto akiinywa, asitapishwe, maana ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu; apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kichupa cha rangi kilichobaki kifungwe barabara, kiandikwe namba ya rangi na tarehe, kiwekwe juu ya kabati mahali ambapo mikono midogo haifiki. Kitahitajika tena, kwa sababu baiskeli bado ipo na ukuta haujasogea.