Sare za Kazi: Neno Lenyewe, Asili Yake, na Mashaka Yake

Mabibo ni matunda ya mkanju, na kwa kulisikia jina hilo mgeni angedhani kwamba anapelekwa shamba. Sivyo leo. Mabibo ni mtaa wa Dar es Salaam, upande wa magharibi, karibu na barabara iendayo Morogoro. Zamani ulihesabiwa chini ya Kinondoni, na tangu wilaya ile ilipogawanywa katika miaka ya 2015 na 2016 umekuwa chini ya Ubungo. Mtu akisimama alfajiri penye kituo cha daladala cha Mabibo Mwisho ataona watu wakipita mbele yake, na kila mmoja ataitambua kazi yake kwa nguo aliyoivaa: walinzi watokao zamu ya usiku, makondakta, wauguzi, wafagiaji wa barabara wenye vizibao ving'aavyo, wanawake waendao viwandani, na watoto wa shule wasiohesabika. Wavaao nguo walizojichagulia wenyewe ni wachache.

Jambo hili liliingia katika kikao cha shule tunayofundisha. Ilipendekezwa kwamba mlinzi, wapishi, wafagiaji na dereva washonewe sare. Mpishi mmoja, mama wa makamo, akauliza kwa upole, ‘Na walimu je?’ Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Swali lile halikujibiwa siku ile. Nasi tumeona vema kuitafuta asili yake, kwa maana walimu na wachungaji wengi watakutana nalo katika shule na hospitali wanazozisimamia.

Tuanze na neno. Sare kwa watu wa pwani si neno la kazi. Maana yake ni kulingana, kutopitana. Timu mbili zikicheza mpira asipatikane mshindi, husemwa zimetoka sare. Wanawake wakialikwa arusini hukubaliana juu ya kanga ya namna moja, kila mtu akanunua doti yake, wakaingia wote wakiwa wamefanana. Hiyo ndiyo sare. Hakuna aliyewaamuru ila wao kwa wao. Hatusemi kwamba desturi hiyo haina maumivu, maana asiyeweza kununua hununuliwa na shoga yake, au huketi nyuma kwa haya, au husingizia ugonjwa asiende kabisa. Walakini hata huyo aona haya mbele ya wenzake, si mbele ya bwana wake.

Katika ngoma pia ilikuwa vivyo. Wakati wa ngoma ya beni, iliyoenea pwani na bara katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa bendi, kwa vyeo vya kujipa, na kwa mavazi ya kuiga askari na mabaharia. Wenye kuvaa walikuwa makarani, wapagazi na watumishi wa nyumbani, watu ambao mchana waliamriwa na wengine. Terence Ranger, aliyeandika habari za ngoma hiyo katika kitabu cha mwaka 1975, alionyesha kwamba haikuwa mchezo wa kuiga tu. Sisi twaongeza hili: mtu yule yule aliyelichukia vazi alilovikwa kazini alichanga fedha yake mwenyewe ili avae jingine la kufanana nalo usiku.

Asili ya pili ya sare ni amri, na hii ndiyo iliyozaa sare ya kazi. Hapa yafaa tukumbuke jinsi nguo ilivyotumika pwani kutenga watu. Katika siku za utumwa, watumwa wa Unguja walijulikana kwa kaniki na merikani, kwa kichwa kitupu na miguu mitupu; kofia, viatu na kanzu nzuri vilikuwa alama ya uungwana. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa kisheria, waliokuwa watumwa walifanya haraka kuziacha nguo zile, wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake kanga na baadaye buibui. Habari hizo zimeelezwa vizuri na Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001. Kanzu, basi, ilikuwa ushahidi kwamba mtu ana nafsi yake.

Sasa tazama yaliyoipata. Wazungu walipokaa katika miji yetu waliwavika watumishi wao wa mezani kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani, katika nyumba zao na katika mahoteli yao. Mzee mwenye wajukuu aliitwa ‘boi’, naye amevaa vazi la muungwana. Kitambaa kilikuwa kile kile, na mshono ule ule. Lililobadilika ni kwamba hakuichagua, wala hakuweza kuivua kabla ya kuruhusiwa. Kwa maoni yetu hakuna mfano mwingine uonyeshao kwa wazi zaidi kwamba heshima ya sare haimo katika nguo.

Askari nao walivikwa mapema: kwanza wale wa Wadachi, ambao jeshi lao la kikoloni liliundwa mwaka 1891, kisha wale wa King's African Rifles tangu mwaka 1902. Nguo yao ilikuwa kaki, neno lililotoka Uajemi kwa njia ya Bara Hindi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Sanamu ya askari iliyofunuliwa Dar es Salaam mwaka 1927 imevikwa vazi hilo hata leo, katikati ya magari. Neno gwanda, lililokuwa jina la kanzu fupi ifikayo magotini, likahamia kwa askari, na sasa mtu akisema magwanda hakuna afikiriye kanzu.

Tukirudi Mabibo, twaona faida za sare ambazo hakuna mwenye akili awezaye kuzikana. Kando ya barabara ya Morogoro ndipo kilipofunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, ambacho kanga na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Na penye Mabibo External liko eneo maalum la uchumi lililopewa jina la Benjamin William Mkapa, ambako nguo hushonwa kwa kupelekwa ng'ambo. Penye mashine, ncha ya kanga inayoning'inia ni hatari. Ikishikwa na gurudumu, mkono huifuata. Ovaroli iliyobana, kofia ifunikayo nywele, buti, na kitambaa cha kuzuia vumbi la pamba lisiingie mapafuni, hivyo si urembo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga kwa kazi yenye hatari. Na Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, katika kifungu chake cha 21 wasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Hali kadhalika muuguzi mwenye nguo safi nyeupe hujulikana na mgonjwa hata usiku wa manane, na muuza nyama mwenye koti jeupe huonyesha uchafu wake mwenyewe, jambo ambalo ni faida kwa mnunuzi.

Tena iko faida ya maskini. Msichana mwenye magauni mawili akifanya kazi pamoja na mwenye ishirini, sare humfichia uhaba wake, nayo humhifadhia gauni la Jumapili au la Idi. Wanawake wa Mabibo wametuambia hivyo mara nyingi, nasi tumewasadiki.

Walakini yako mambo ambayo sare hudaiwa kuyafanya, isiyafanye. Husemwa kwamba humtambulisha mtu. Kenya, kanuni zilizotolewa mwaka 2003 wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na kuanza kushikwa Februari 2004, ziliamuru dereva wa matatu avae bluu na kondakta avae rangi ya damu ya mzee. Kwetu pia madereva na makondakta wa daladala wametakiwa kuvaa sare. Basi penda kutazama kituoni. Kondakta akichoka humpa kazi deiwaka, yaani mtu ashikaye nafasi ya mwenziwe kwa saa chache. Naye hupewa shati pamoja na kazi, lingali na jasho. Abiria aliyedhulumiwa chenji asubuhi akirudi jioni kumtafuta mwenye shati lile, humpata mtu mwingine kabisa. Shati limetambulika, mtu hakutambulika. Na hatari yaweza kuwa kubwa kuliko chenji, maana wako wavaao nguo za kijeshi ili kutisha na kuiba. Mwezi wa Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 wazisalimishe nguo zake walizokuwa nazo.

La joto twalitaja kwa ufupi, ijapokuwa mlinzi asimamaye juani mwezi wa Februari, amevaa sweta kwa kuwa sweta imeandikwa jina la kampuni, hangeliona fupi.

Lililo zito kwetu ni gharama. Kijana mmoja tuliyemfundisha hata darasa la saba alipata kazi ya ulinzi katika kampuni moja mjini. Alipewa mashati mawili, suruali mbili, sweta, kofia na buti, akafurahi, akapita kwetu kutuamkia akiwa amezivaa. ‘Shikamoo, Mwalimu. Nimepata.’ Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja pungufu. Wa pili vivyo, na wa tatu. Alipouliza, alionyeshwa karatasi aliyoitia sahihi siku ya kwanza, kwamba amekubali kukatwa bei ya sare. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, yamkataza mwajiri kuukata mshahara ila sheria ikiruhusu au mfanyakazi mwenyewe akikubali kwa maandishi juu ya deni. Ulinzi huo ni mzuri kwa mtu asomaye alichoandikiwa. Kijana yule alikaa mbele yetu miaka mingi, na aya ile hakuweza kuielewa. Tumelifikiri jambo hilo kuliko tulivyomfikiri mwajiri wake.

Mwezi wa tano lindo lake likapewa kampuni nyingine, naye akaachishwa. Akaambiwa azirudishe nguo. Akazifua, akazipiga pasi, akazirudisha zote. Fedha yake haikurudishwa. Baada ya wiki chache alimwona mtu kituoni amevaa shati lake, akalijua kwa mfuko ambao mama yake aliushona kwa uzi usiolingana. Akamsalimu, akamwuliza kama naye amekatwa. Amekatwa.

Hapo ndipo tuonapo mpaka ambao watu wengi huuchanganya. Iko nguo imlindayo mfanyakazi, na iko nguo ilindayo jina la mwajiri. Buti la kiwandani ni la namna ya kwanza; shati lenye nembo ni la namna ya pili, nalo ni tangazo lipitalo barabarani. Hatusemi tangazo ni kosa. Twasema tu kwamba mwenye tangazo ndiye alipaye mchoraji na ubao wake, na hatujapata kusikia ubao ukikatwa mshahara.

Katika kikao cha pili tulisema yafuatayo. Wapishi wapewe aproni, kofia na viatu visivyoteleza, na mfagiaji glavu, bure, hata kama fedha ya kununulia kengele mpya itachelewa. Mlinzi apewe koti la mvua kabla ya shati la nembo. Kuhusu vazi la kufanana, waulizwe wenyewe kama walitaka, na wakilitaka wachague rangi. Na walimu nao wakubali kuvaa rangi ile ile siku ambazo wengine watavaa, au neno hilo lisitajwe tena. Mwenzetu mmoja alitupinga kwa nguvu, akisema kwamba mwalimu akivaa kama mpishi watoto watamdharau. Huenda. Ikiwa ndivyo, basi watoto wamekwisha kufundishwa kumdharau mpishi, na waliowafundisha ni sisi. Kikao kiliahirishwa, aproni zimenunuliwa.

Twamaliza kwa jambo la lugha, kwa sababu limetushangaza. Kijana yule, katika kutuelezea habari zake zote, hakulitumia neno sare hata mara moja. Alisema ‘nguo za kampuni’. Makondakta tuliowauliza baadhi yao husema ‘shati la kazi’. Lakini mama yake, alipotuonyesha kanga walizonunua kwa arusi ya jirani, alisema mara moja, ‘Hii ndiyo sare yetu.’ Hatujui kama tofauti hiyo iko Mabibo tu. Walimu walioko Tanga, Mombasa, Ujiji na kwingineko, wakiwasikiliza wafanyakazi wa kwao wazitajavyo nguo wapewazo, na wanawake wazitajavyo nguo wanunuazo pamoja, watatusaidia sana wakituandikia maneno hayo kama yasemwavyo, pamoja na jina la mahali.