BANGI NA AKILI ZA VIJANA
Mambo Yaliyogunduliwa na Wataalamu

Bangi ni mmea unaojulikana sana katika Kenya, mijini na mashambani, na jina lake lilitoka katika lugha za Bara Hindi. Uchunguzi wa NACADA, idara ya Serikali ipingayo ulevi na madawa ya kulevya, uliofanywa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba katika kila watu 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja alikuwa akiitumia.

Juu ya mmea huu watu husema maneno ya namna mbili. Wako wasemao kwamba kila avutaye bangi hana budi kuingia wazimu. Na wako wasemao kwamba ni majani tu, nayo hayamdhuru mtu. Wataalamu wameona kuwa pande zote mbili zimekosea. Hatari ipo, lakini si sawa kwa watu wote: huwa kubwa zaidi kwa yule aanzaye angali kijana na avutaye mara kwa mara.

Haikuwa rahisi kulijua jambo hili. Mwaka wa 1893 Serikali ya Waingereza katika Bara Hindi iliweka baraza la kuchunguza habari za bangi, nalo likasikiliza mashahidi 1,193. Baraza hilo lilipochungulia madaftari ya hospitali za wenda wazimu, liligundua kwamba mara nyingi neno "bangi" liliandikwa kuwa sababu ya ugonjwa bila ya mtu kuuliza sawasawa. Ikawa wazi kwamba kuwahesabu wagonjwa peke yake hakutoshi. Yawezekana bangi ndiyo iliyoleta ugonjwa, na yawezekana pia mgonjwa alianza kuvuta kwa sababu akili yake ilikwisha kusumbuka.

Njia iliyo bora ni kuwachukua watu wangali wazima, kuandika desturi zao, kisha kuwafuata kwa miaka mingi. Ndivyo ilivyofanyika nchini Uswidi. Vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka wa 1969 na 1970 waliulizwa habari za madawa ya kulevya, wakafuatwa kwa miaka 15. Habari zao zilipotangazwa mwaka wa 1987, ilionekana kwamba wale waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 kuliko wale ambao hawakuvuta kamwe. Skizofrenia ni ugonjwa mzito wa akili: mgonjwa husikia sauti zisizokuwapo na kushuku kwamba watu wanamwinda. Wataalamu walipoyahesabu pia malezi na taabu za akili walizokuwa nazo vijana hao tangu mwanzo, tofauti ilipungua sana, lakini haikutoweka.

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka wa 1972 na 1973 wamefuatwa tangu utotoni. Katika wale waliokuwa wakivuta bangi walipofika miaka 15, karibu 10 katika kila 100 walionyesha ugonjwa wa namna hiyo walipotimiza miaka 26. Katika wasiovuta walikuwa 3 katika kila 100. Hapa pia wengine walikuwa na dalili tangu umri wa miaka 11, na wavutaji walikuwa wachache. Kwa hiyo hesabu hii peke yake haimalizi maneno. Lakini yapatana na ile ya Uswidi.

Kwa nini vijana? Mwaka wa 1964 wataalamu wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga ile kemikali ya bangi ilevyayo, iitwayo THC. Kemikali hiyo huingia katika ubongo na kukamata mahali pale pale ambapo vitu vya mwili wenyewe hufanya kazi ya kutuliza na kupatanisha mawazo. Ubongo wa binadamu haukomai mpaka karibu na miaka 25. Basi aanzaye kuvuta akiwa na miaka 14 huusumbua ubongo ungali katika kujengwa.

Nguvu ya bangi nayo ni jambo kubwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 5 za Ulaya na Brazil, uliotangazwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba hatari ya kuugua akili kwa wavutao kila siku ni mara 3 hivi kuliko kwa wasiovuta. Na kwa wavutao kila siku bangi iliyo kali, karibu mara 5.

Ni kweli kwamba wavutaji wengi hawaingii wazimu. Lakini mtu aweza kuvuka mto wa mamba mara nyingi akafika salama, na hilo halionyeshi kwamba mtoni hamna mamba.

Tena wazimu si hasara ya pekee. Yakadiriwa kwamba katika kila watu 100 waliopata kuvuta bangi, 9 hivi huwa watumwa wake. Na kwa walioanza wangali vijana, ni mmoja katika kila 6. Bangi hudhoofisha kumbukumbu, na mwanafunzi asiyekumbuka somo la jana hawezi kulifuata la leo. Dereva aliyeivuta karibuni hujiongezea hatari ya kupata ajali. Aidha, kwa sheria ya Kenya ya mwaka wa 1994, kuwa na bangi ni kosa, na kijana aliyehukumiwa hupata shida anapotafuta kazi.

Zipo dawa zitokazo katika bangi, ambazo madaktari wa nchi nyingine huwapa wagonjwa wa saratani ili kuzuia kutapika. Lakini dawa hupimwa. Msokoto haupimwi na mtu.

Yafaa basi wazazi wawe macho. Kijana akianza kujitenga, kuacha masomo, kusema peke yake au kuwashuku jamaa zake bila sababu, asipigwe wala asifichwe nyumbani, wala wazazi wasipoteze miezi wakitafuta aliyemroga. Apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe kweli yote, pamoja na habari za bangi. Ugonjwa wa akili ukitibiwa mapema, wengi hupata nafuu na kurudi kazini au shuleni. Ukicheleweshwa, kazi ya daktari huwa ngumu maradufu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.