Topetope la Leo na Topetope la Kesho

Muuza matunda mzoefu hakuachii uyabonyezebonyeze matopetope yake. Hukuuliza kwanza, "La kula leo au la kesho, mwanangu?" kisha anakuchagulia mwenyewe. Katika swali hilo mna nusu ya elimu ninayowafundisha wakulima na wachuuzi. Topetope la leo na la kesho ni matunda mawili tofauti, na la keshokutwa huenda likawa la kutupa.

Ninalolizungumzia ni lile lenye mafundo ya mviringo juu ya ganda, ambalo wataalamu huliita Annona squamosa. Nduguye mkubwa ni stafeli, Annona muricata, lenye miiba laini na uchachu wake. Kenya wengi huyaita matunda haya matomoko. Yote haya asili yake ni nchi za joto za Amerika, ingawa Afrika nayo ina wa kwake, mtopetope-mwitu, ambao matunda yake madogo ya manjano watoto huyachuma porini.

Faida ya tunda hili mwilini haihitaji kutiwa chumvi. Gramu 100 za nyama ya topetope zina takriban kalori 94, vitamini C miligramu 36, nyuzinyuzi gramu 4 na zaidi, na potasiamu karibu miligramu 250. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini C kwa siku, kwa hiyo topetope moja la kushiba linatosha. Nyuzinyuzi hulainisha choo, na potasiamu huusaidia mwili kuhimili chumvi tunayozidisha kwenye vyakula vyetu. Stafeli lina sukari kidogo kuliko topetope na kalori zake ni kama 66. Mwenye kisukari ahesabu: wanga wa topetope ni gramu 23 hivi katika kila gramu 100, na sehemu kubwa yake ni sukari. Nusu tunda baada ya chakula ni bora kuliko mawili kwa mkupuo. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu amuulize daktari wake kabla hajala.

Hapa ndipo ninapoumia. Watu wanaipita nyama hii tamu na kukimbilia majani. Ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba chai ya majani ya mstafeli inaponya saratani, tena kwa nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Kuna chembe ya kweli iliyopotoshwa. Mmea huu una kemikali zinazoitwa asetojenini, na kemikali hizo zikimwagiwa seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, seli hufa. Zinakufa kwa sababu asetojenini huziba mitokondria, kiwanda cha nguvu cha seli, na seli ya neva yenye afya nayo inategemea kiwanda hichohicho. Kuua seli ndani ya bakuli ni jambo moja, kumponya binadamu ni jingine, na hakuna majaribio kwa wagonjwa yaliyoonyesha kwamba majani haya yanaponya saratani. Nimewaona wagonjwa wakiahirisha matibabu kwa ajili ya birika la chai hiyo. Muda ule haurudi.

Tena kuna onyo kutoka Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Karibi. Mwaka 1999 Dominique Caparros-Lefebvre na Alexis Elbaz waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa waliokakamaa viungo na kuyumba kama wenye ugonjwa wa Parkinson, lakini dawa za kawaida za ugonjwa huo hazikuwasaidia. Wengi wao walikuwa watumiaji wa muda mrefu wa chai ya majani ya jamii hii na matunda yake. Kuandamana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Hata hivyo, baadaye panya walioingiziwa anonasini, mojawapo ya asetojenini hizo, kwenye damu mfululizo kwa wiki 4 walionekana na madhara kwenye ubongo. Nyama ya stafeli nayo ina kiasi chake cha anonasini. Mimi hula stafeli msimu wake ukifika na silali na hofu. Sinywi majani yake, na simshauri mtu anywe juisi yake jagi zima kila siku ya mwaka.

Mbegu ndizo za kuogopwa zaidi. India na Thailand zimesagwa tangu zamani kuua chawa wa kichwani, na unga wake ukiingia machoni huunguza konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Ukimeza mbegu nzima kwa bahati mbaya, kwa kawaida hupita ilivyo kwa sababu ya ganda lake gumu. Hatari ni kuzisaga.

Sasa turudi kwa muuza matunda. Topetope likishachumwa halijafa. Linapumua, tena kwa kasi kuliko matunda mengi unayoyafahamu, na linatoa gesi ya ethilini inayoliamrisha lenyewe kuiva. Wanga hugeuka sukari, kuta za seli huyeyuka, na kwa joto la pwani kazi yote huisha kwa siku 2 hadi 4. Ukilibonyeza au ukilidondosha, gesi huongezeka na saa inakwenda mbio zaidi. Vimelea vya ukungu hupenyea kwenye kila mchubuko, na lile doa jeusi unalolikuta sokoni mara nyingi lilianza kwa kidole.

Kwa hiyo kinga huanzia mtini. Topetope lililokomaa mafundo yake huachana, na mifereji katikati yake hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya maziwa au manjano hafifu. Stafeli huonyesha miiba iliyoachana na ganda lililopoteza ung'avu. Ukiwahi, tunda litasinyaa na kuwa jeusi bila kulainika vizuri. Ukichelewa, topetope litapasuka mtini na popo watakutangulia. Chuma alfajiri, kata kikonyo kwa mkasi na ukibakize kifupi, maana ukilinyofoa linabaki na kidonda kikonyo kilipokuwa. Usitikise matawi.

Gunia si chombo cha topetope. Tunda linalotoka shamba la Pemba hadi soko la Unguja linapita mikono mingi na kutupwa mara kadhaa, na yaliyo chini ya gunia hufika yakiwa uji. Tumia kreti au tenga lisilo refu, tandika nyasi kavu au magazeti, panga safu moja, mbili zikizidi sana, vikonyo vikitazama pembeni. Usipakie pamoja na ndizi mbivu wala mapapai, kwa kuwa ethilini yao itayaivisha matopetope njiani. Nyumbani, hilohilo ndilo la kutumia ukiwa na haraka: lifunge kwenye gazeti na ndizi mbivu, kesho litakuwa tayari.

Ubaridi husaidia, ila una mpaka. Tunda bichi hukaa vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 15 za Selsiasi. Ukiliweka kwenye jokofu la nyumbani, ganda huwa jeusi na nyama hukataa kuiva. Liache liive nje kwanza, ndipo uliweke kwenye jokofu siku moja au mbili. Wakulima wa Makueni au Dodoma, ambako hewa ni kavu, wanaweza kujenga kibanda cha mkaa: kuta mbili za wavu, mkaa katikati, maji yakidondoka taratibu. Maji yakikauka hubeba joto. Visiwani hewa imeshiba unyevu na kibanda hicho hupoza kidogo tu. Huko fedha iende kwenye kreti, kivuli na safari ya usiku.

Yakizidi yote, okoa nyama. Isugue kwenye chekeche ili mbegu zibaki, kamulia limau isigeuke rangi, kisha igandishe kwenye mifuko midogo. Ya stafeli huvumilia moto na hutengenezewa juisi ya kuhifadhi. Ya topetope ukiichemsha huwa chungu, kwa hiyo iende kwenye aiskrimu au maziwa baridi. Wauza juisi, tafadhalini: mbegu zitoke zote kabla blenda haijawashwa. Ile ladha kali kidogo ambayo wateja huisikia mwishoni mwa glasi huenda ni mbegu iliyosagwa.