Kabla ya Kuilaumu Spika

Mtu amekaa sebuleni kwake Tanga. Taa iko juu ya kichwa chake, swichi iko ukutani hatua tatu kutoka alipo, naye anaiambia spika izime taa. Sauti yake inageuzwa kuwa data, inarushwa kwa Wi-Fi hadi kwenye ruta, inatoka kwa faiba au kwa mnara wa simu, inashika mkongo wa baharini na kufika kwenye seva za Ulaya au Marekani. Huko inageuzwa kuwa maneno, maneno yanageuzwa kuwa amri, na amri inapelekwa kwenye seva za kampuni iliyotengeneza balbu, ambazo huenda ziko nchi nyingine kabisa. Kisha safari inaanza kurudi, mpaka kwenye dari ya Tanga. Taa inazimika. Yote hayo kwa sekunde moja au mbili, siku mambo yakienda vizuri.

Yasipokwenda vizuri, spika inasema haiwezi kuunganishwa, na mwenye nyumba anaitukana spika. Wengi hudhani kosa ni umbali. Sivyo. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi zinakula sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Sehemu ngumu ya safari, mara nyingi, ni mita kumi za kwanza, kutoka kwenye spika hadi kwenye ruta. Hizo ndizo watu hawazitolei hata shilingi.

Kifaa chenyewe ni sikio na mdomo. Echo ya kwanza, ambayo Amazon ilitangaza Novemba 2014, ilikuwa na maikrofoni saba: sita kwenye duara, moja katikati. Sauti yako huzifikia kwa nyakati zinazotofautiana kidogo mno, na kwa kulinganisha tofauti hizo kifaa hujua umesimama upande gani, kikaupunguza mlio wa televisheni upande mwingine. Ndani yake kuna programu ndogo yenye kazi moja tu, kulisubiri jina lake. Isiposikia jina, inachosikia hufutwa na kuandikwa upya papo hapo. Ikisikia, inafungua mlango, na maneno yanayofuata yanasafirishwa.

Kwa hiyo mwenye kusema spika husikiliza kila kitu hajakosea sana: husikiliza kila kitu, ila hutuma kile inachodhani imeambiwa. Shida iko kwenye kudhani. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilipata na kusikiliza zaidi ya rekodi elfu moja za msaidizi wa Google, na baadhi yake zilinaswa bila mtu yeyote kuita. Tena, tangu Machi 28, 2025, Amazon imeondoa chaguo lililowawezesha wenye baadhi ya spika za Echo kuzuia rekodi zao zisitumwe. Kitufe cha kuzima maikrofoni kipo, na mimi ningekitumia wageni wakija, hasa wakija kuzungumza mambo ya mahari.

Alexa, msaidizi wa sauti wa spika za Echo, haijui Kiswahili. Jamaa zetu walioko Dubai wanaweza kuiamuru kwa Kiarabu cha Ghuba tangu mwishoni mwa 2021. Mama wa Tanga itabidi aiamuru kwa Kiingereza, na ikikosea atadhani lafudhi yake ndiyo yenye kasoro.

Turudi kwenye zile mita kumi. Wi-Fi ya nyumbani hutumia hasa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na kitu, la 5 kama nusu yake. La kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini hubeba data kidogo. La pili ni la kasi, ila ukuta mmoja tu unatosha kulidhoofisha. Masafa ya 2.4 yaliachiwa umma bila leseni nchini Marekani mwaka 1985, kwa kuwa yalikuwa tayari yamechafuliwa na mashine za viwandani na za jikoni. Hata leo jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu kabisa na gigahezi 2.4. Spika iliyowekwa jikoni ikianza kukwamakwama wakati pilau ya jana inapashwa moto, huna haja ya kuita fundi.

Kwenye kuta ndipo Pwani ina habari yake. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au ya Lamu, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinafika unene wa nusu mita na kupita. Mawe hayo yana vitundu, huvuta unyevu na kukaa nao, na maji hunyonya mawimbi ya redio. Mafundi hupima hasara hiyo kwa desibeli: kila desibeli 10 zinazopotea, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kuta mbili za desibeli 10 kila moja zinakuachia sehemu moja ya mia, na ukuta mnene wa mawe unaweza kula zaidi ya hapo. Sasa ongeza kwamba ruta iko ukumbini, nyuma ya mlango, mahali ambapo kijana wa kampuni ya intaneti aliona ni rahisi kutoboa, na spika iko ghorofani. Hakuna spika ya bei yoyote itakayoshinda hesabu hiyo.

Nyumba za kisasa zina vizuizi vyake: zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kabatini, tangi la maji, friji. Chuma hakinyonyi mawimbi, huyarudisha yalikotoka. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni bapa imefichwa nyuma ya bamba la chuma.

Dawa inayouzwa sana ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ili kirefushe Wi-Fi. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila kifurushi cha data hupita hewani mara mbili na kasi hushuka kama nusu. Kinachoponya ni waya. Waya wa kawaida wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100. Upitishe kwenye ngazi, uweke kituo cha pili cha Wi-Fi ghorofani, na ukuta wa babu yako hutausikia tena ukilalamikiwa. Ni kazi ya alasiri moja, na wateja huikataa kwa sababu waya hauna sura ya teknolojia.

Kwenye majumba ya kupanga, shida ni umati. Katika chaneli moja ya Wi-Fi, kifaa kimoja tu ndicho husema kwa wakati mmoja. Vingine hungoja kimya, kama wazee barazani wanaoheshimiana. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Fungua simu kwenye ghorofa la mtaa wa Pipeline, Nairobi, uone majina ya Wi-Fi yalivyojipanga; wote hao wanagawana nafasi tatu. Anayehamia chaneli ya 3 akidhani amekimbia fujo anaingiliana na wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Spika na simu zihamie gigahezi 5, kwenye nafasi zaidi, ambako kuta za jirani sasa zinakuwa msaada kwako.

Balbu haziwezi kuhama. Karibu zote za bei nafuu hujua 2.4 peke yake. Hapo ndipo unazaliwa ule ugomvi wa siku ya kwanza: simu iko kwenye 5, balbu inatafuta 2.4, programu inazunguka dakika tatu na kukata tamaa. Ruta nyingi huruhusu kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti. Fanya hivyo angalau wakati wa kuunganisha. Usiiweke spika kwenye mtandao wa wageni kisha simu ukaiacha kwenye mtandao mkuu, maana mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Na hotispoti ya simu si mtandao wa nyumba. Baba akienda sokoni, nyumba nzima inapoteza akili mpaka arudi.

Mzigo unaoletwa na ndugu kutoka Marekani una mitego yake. Vifaa vya Wi-Fi vya huko huishia chaneli ya 11. Ruta ya hapa ikijiwekea ya 12 au 13, spika haioni kitu, wakati simu iliyonunuliwa Kariakoo inaona vizuri. Vihisi vya Z-Wave vya Marekani hutumia megahezi 908, vya Ulaya megahezi 868, na haviwezi kuelewana. Plagi janja iliyotengenezwa kwa volti 120 ikichomekwa kwenye 230 haitoi maelezo, inatoa moshi.

Umeme nao una yake. Ukikatika kisha ukarudi saa tisa usiku, balbu janja nyingi huwaka zote kwa nguvu kamili, kwa kuwa kiwandani zimeelekezwa hivyo. Tafuta mpangilio huo kwenye programu ubadilishe kabla hujalala. Ruta nyingi hula umeme wa volti 12 na wati chache tu, kwa hiyo kibetri kidogo cha akiba kinaiweka hai saa kadhaa. Na swichi ya ukutani bado ipo: mgeni akiizima, balbu janja ni kioo tu. Swichi janja ni bora kuliko balbu janja, ila nyingi huhitaji waya wa nyutro, ambao katika nyumba zetu nyingi haukufikishwa kwenye kiboksi cha swichi. Fungua utazame kabla ya kununua, na uzime meni swichi kwanza.

Baada ya yote hayo kuna lililo nje ya uwezo wako. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kusini mwa bara, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoyumba. Oktoba 20, 2025, mikongo ilikuwa mizima lakini seva za Amazon kaskazini mwa Virginia zilikorofisha, na spika za Alexa zikawa bubu hata kwa Wamarekani wenyewe.

Njia ya kupunguza utegemezi huo ipo. Zigbee na Thread huruhusu vihisi na balbu kupokezana ujumbe wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu ndogo sana, bila kuielemea Wi-Fi, ingawa huhitaji kituo chake. Matter, kiwango kilichotolewa Oktoba 2022 na kukubaliwa na Amazon, Apple, Google na Samsung, kinadai amri ya kuwasha taa iweze kukamilika ndani ya nyumba. Kusikia sauti ndiko kunakobaki nje. Wenye kupenda kuchokonoa hufunga Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta sebuleni na kuiunganisha na Whisper, programu huria ya OpenAI ya mwaka 2022 inayogeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili inakijua, kwa makosa mengi kuliko Kiingereza, na inataka kompyuta yenye misuli.

Asiyetaka kuchokonoa afanye jaribio hili. Chomoa waya wa faiba kwenye ruta, acha ruta ikiwaka, subiri dakika tano. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, na data ya laini ikiwa imezimwa, jaribu kila kifaa kwa programu yake. Vinavyoitika vinaongozwa kutoka ndani ya nyumba. Visivyoitika viandike kwenye karatasi, kisha tazama kama kufuli la mlango wa mbele limo.