Malezi ya Vijana Katika Filamu: Gharama Ambayo Kamera Haionyeshi



Ndugu msomaji, wakati wa likizo ya Desemba vijana wa parokia ninayoihudumia walikusanyika ukumbini jioni moja kutazama filamu ya “Queen of Katwe”. Wazazi kadhaa walifika, pamoja na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Filamu ilipokwisha, wengi walikuwa wakifuta machozi. Niliposimama kusema maneno mawili matatu ya kufunga, kijana mmoja anayejifunza ufundi wa pikipiki karibu na kanisa aliinua mkono akauliza: “Padre, yule kocha alikuwa analipwa na nani?” Watu walicheka. Nami nilicheka, nikampa jibu jepesi, tukasali na kutawanyika. Usiku ule nilitambua kwamba hilo ndilo lililokuwa swali zito kuliko yote, na kwamba sikulijibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

Simulizi lenye umbo moja

Zipo filamu nyingi zinazosimulia malezi ya vijana wanaoishi katika mazingira magumu, na karibu zote zina umbo moja. Vijana wamesukumwa pembezoni mwa jamii na umaskini, uyatima au magenge ya mitaani. Anatokea mtu mzima: mwalimu, padre au kocha. Mwanzoni wanamdhihaki na kumkataa, lakini yeye anabaki. Mmoja wao anafungua moyo, kisha wengine wanamfuata. Linakuja jaribu kubwa linalotishia kubomoa yote. Hatimaye kuna mtihani au mashindano, na vijana wanashinda. Taa za ukumbi zinawashwa, nasi tunarudi nyumbani tukiwa na matumaini.

Mama Kanisa hajaitazama sanaa ya filamu kwa mashaka matupu. Papa Pio XI aliandika juu yake Waraka “Vigilanti cura” mwaka 1936, akionya kuhusu madhara yake huku akitambua nguvu yake kubwa ya kufundisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati “Inter mirifica” ya mwaka 1963, uliviona vyombo vya mawasiliano ya jamii kuwa matunda ya akili ya mwanadamu kwa msaada wa Mungu, yanayoweza kumjenga mtu yakitumiwa vema. Kwa hiyo tunaweza kuzitazama filamu hizi kwa faida. Linalobaki ni kujiuliza tuzitazame namna gani, kwa maana filamu nzuri hutuonyesha mengi na pia huacha mengi nje ya picha. Ninapendekeza tuzitazame tatu tukiwa na swali la yule kijana: ni nani aliyelipa?

Padre Flanagan na michango iliyopungua

Mwaka 1938 ilitoka filamu ya “Boys Town”, inayomhusu Padre Edward Flanagan, mzaliwa wa Ireland aliyefanya utume wake Omaha, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani. Desemba mwaka 1917 Padre huyo alifungua nyumba ya wavulana wasio na makao, akianza na wavulana wachache pamoja na dola 90 za kukopa. Filamu inaanzia gerezani. Mtu aliyehukumiwa kifo, saa yake ikiwa imekaribia, anamweleza Padre kwamba laiti angekuwa na rafiki mmoja alipokuwa mtoto wa miaka 12, asingefika pale. Padre anatoka na maneno hayo moyoni, na toka siku ile hana amani mpaka aanze kuwatafuta watoto ambao bado hawajafika gerezani. Imani yake ilifahamika na wote: hakuna mtoto aliyezaliwa mbaya.

Filamu ilipendwa mno. Spencer Tracy, aliyeigiza kama Padre Flanagan, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora na kuitoa kwa Padre mwenyewe. Lakini likatokea jambo ambalo halikutarajiwa: michango kwa kituo ilipungua. Watu wengi waliotoka katika majumba ya sinema walidhani kwamba kituo kilichotengenezewa filamu na kampuni kubwa ya Hollywood hakina tena shida ya fedha. Kumbe wavulana walikuwa bado wanahitaji kula, kuvaa na kusoma.

Ndugu msomaji, hapa pana onyo kwetu sote. Machozi ya ukumbini ni halali, tena ni mazuri. Lakini yanaweza kutudanganya kwamba tumekwisha kutoa. Aliyelia kwa ajili ya mvulana wa kwenye filamu anaweza kumpita mvulana wa kweli langoni mwa kanisa bila kumsalimu. Padre Flanagan mwenyewe aliendelea kulipa hadi mwisho. Mwaka 1946 alipozuru nchi yake ya kuzaliwa, alizikosoa hadharani adhabu kali walizopewa watoto katika taasisi za malezi, ingawa alijua kwamba maneno yake hayatawafurahisha wengi. Alifariki dunia mjini Berlin mwaka 1948, akiwa safarini kwa ajili ya watoto walioathiriwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mchakato wa kumtangaza kuwa Mwenyeheri ulifunguliwa Omaha mwaka 2012.

Miaka minane katika muda usiofika saa mbili

Filamu ya pili ni “Stand and Deliver” ya mwaka 1988. Inasimulia habari za Mwalimu Jaime Escalante, mhamiaji kutoka Bolivia, aliyefundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Garfield, mashariki mwa jiji la Los Angeles. Wengi wa wanafunzi wake walitoka katika familia maskini zenye asili ya Meksiko, na watu wachache sana walitarajia lolote kutoka kwao. Yeye aliamua kuwafundisha kalkulasi, tawi la hisabati ambalo wengi waliliona kuwa mali ya watoto wa shule tajiri. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa ngazi ya chuo kikuu. Wasimamizi wa mtihani waliwashuku 14 kati yao kwamba walidanganya. Kati ya hao, 12 walikubali kurudia mtihani, na wote wakafaulu.

Simulizi hili ni la kweli, na linatia moyo. Hata hivyo, mtazamaji anaondoka akidhani kwamba mwalimu mwenye bidii anaweza kuwachukua vijana wanaosumbuliwa na hesabu za msingi na kuwafikisha kileleni kwa muda mfupi tu. Mwalimu Escalante alianza kufundisha Garfield mwaka 1974. Kutoka hapo hadi mtihani ule uliompa sifa ilipita miaka minane. Darasa lake la kwanza la kalkulasi lilikuwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Ilimpasa kujenga msingi kutoka madarasa ya chini, na hakufanya hivyo peke yake: alikuwepo mkuu wa shule aliyemuunga mkono, walikuwepo na walimu wenzake.

Simlaumu mtengenezaji wa filamu. Hakuna awezaye kuonyesha miaka minane katika muda usiofika saa mbili. Lakini sisi walezi tukisahau miaka hiyo, tutakata tamaa mapema. Ni mara ngapi parokiani tumeandaa semina ya siku tatu kwa vijana, tukapiga picha ya pamoja, kisha baada ya miezi miwili tukalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawabadiliki? Tulitaka matunda ya mwaka wa nane katika mwaka wa kwanza.

Katwe: walipaji walikuwa wengi

Sasa narudi kwenye filamu iliyozaa swali. “Queen of Katwe”, iliyoongozwa na Mira Nair na kutoka mwaka 2016, inamhusu Phiona Mutesi, binti kutoka Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, Uganda. Alikuwa akiuza mahindi barabarani kuisaidia familia. Kwa Robert Katende, aliyewafundisha watoto mchezo wa sataranji kupitia utume wa michezo, watoto walivutwa kwanza na kikombe cha uji. Ubao wa sataranji ulifuata baadaye. Phiona anaingia kwa mara ya kwanza akiwa mchafu, wenzake wanamcheka kwa harufu, naye anapigana nao. Katende hamfukuzi; anaona katika hasira ile nguvu inayohitaji kuelekezwa. Baadaye mtoto mdogo kuliko yeye anamfundisha kwamba kete ndogo kabisa, ikivuka ubao wote, inaweza kugeuka kuwa malkia. Phiona aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi mwaka 2010, na nchini Uturuki mwaka 2012.

Je, kocha alikuwa analipwa na nani? Filamu yenyewe inajibu, tukiitazama kwa makini. Katende alisomea uhandisi. Anapata nafasi ya kazi yenye mshahara mzuri, naye ana mke na mtoto mchanga. Anabaki na watoto wa Katwe. Mkewe, Sara, ambaye ni mwalimu, analipa pamoja naye: anakubali kipato kidogo, tena anamfundisha Phiona masomo. Halafu yuko Harriet, mama mjane, anayeogopa kwamba ndoto kubwa zitamvunja binti yake moyo zisipotimia. Hofu yake si ujinga. Ni upendo wa mtu aliyekwisha kupoteza mengi. Katende hampuuzi mama huyu wala hachukui nafasi yake. Anazungumza naye na kumheshimu, naye Harriet anajinyima ili binti yake asome. Hapa filamu hii inazidi nyingine nyingi za aina yake, kwa sababu mlezi hamtoi mtoto katika familia yake, bali anaishika mkono familia nzima. Mwishoni waigizaji wanaonekana wakiwa wamesimama bega kwa bega na watu halisi waliowaigiza, kana kwamba tunaambiwa: hawa wapo, na gharama ilikuwa ya kweli.

Barnaba, mlezi wa Mitume

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano ulio karibu sana na haya. Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, Saulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba ndiye aliyemchukua na kumdhamini mbele ya Mitume (Mdo 9:27). Baadaye alisafiri hadi Tarso kumtafuta, akafanya kazi naye Antiokia kwa mwaka mzima (Mdo 11:25-26). Na Paulo alipomkataa kijana Yohane Marko kwa sababu aliwaacha safarini, Barnaba alikubali kutengana na rafiki yake kuliko kumwacha kijana yule (Mdo 15:37-39). Miaka ikapita, na Paulo huyohuyo akaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2Tim 4:11). Barnaba alilipa kwa jina lake jema, kwa safari zake, na hata kwa urafiki wake.

Papa Francisko, katika Wosia wa Kitume “Christus vivit” wa mwaka 2019, namba 246, alieleza sifa ambazo vijana wenyewe walisema wanazitafuta kwa mlezi: mtu mwaminifu anayesikiliza bila kuhukumu, anayejua udhaifu wake mwenyewe, na asiyewafanya vijana kuwa wafuasi wa kumwendea nyuma tu, bali anatembea kando yao. Vijana hawakuomba shujaa. Waliomba mtu atakayekuwepo.

Tufanye nini parokiani?

Kwanza, tuendelee kuonyesha filamu hizi, lakini kiongozi aitazame kabla, na baada ya kuitazama pamoja tupate walau nusu saa ya mazungumzo. Tuwaulize vijana: ni nani alilipa, na alilipa nini?

Pili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue kwa majina vijana walio katika eneo lake wasio na mtu wa kuwasindikiza: wanaojifunza ufundi, wauza karanga stendi, mabinti wa kazi za ndani. Mlezi mmoja asibebe kumi. Achukue mmoja au wawili, na aahidi miaka badala ya wiki.

Tatu, malezi yafanyike mahali pa wazi. Katika filamu mlezi huweza kukaa na mtoto peke yake, usiku, bila yeyote kuuliza. Kanisa limejifunza kwa machungu kwamba si kila anayejiita mlezi ana nia njema. Mzazi au mlinzi wa kijana ajue, viongozi wajue, watu wazima wawe zaidi ya mmoja. Mlezi mwema hakwazwi na macho ya wengine.

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mara nyingi tunaisema methali hii kama tishio. Lakini kwa mtoto aliyempoteza mama, ulimwengu huo ni sisi.

Namalizia na kijana aliyeuliza swali. Wiki tatu baada ya jioni ile nilikwenda kumtafuta ili nimpe jibu. Fundi wake aliniambia kwamba ameondoka, na hakujua alikokwenda. Niliwauliza viongozi wa jumuiya za jirani; hakuna aliyejua alikuwa amepanga wapi wala anatokea kijiji gani. Tulikuwa wengi ukumbini jioni ile, na tulimlilia binti wa Katwe kwa moyo wa kweli. Aliyekuwa ameketi katikati yetu hatukujua hata analala wapi. Bado ninamtafuta. Nawe unaposoma haya, huenda kuna mwingine kama yeye hatua chache kutoka mlangoni pako. Nenda ukamwulize jina lake.